Tundu la Tano

Wanawake watatu walioingia alfajiri kumwosha Felista walitoka mbio, mmoja wao amevaa kandambili za mwenzake, mwingine sabuni bado iko mkononi. Walisema maiti inanong'ona.

Inspekta Dorika Ntandu hakucheka. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amesikia uongo wa kila namna, na alijua kwamba anayetunga uongo hukumbuka kwanza kuweka sabuni chini. Akaacha kofia yake kwenye benchi, akavaa glavu, akausukuma mlango wa chumba cha maiti cha Hospitali ya Misheni ya Mtakatifu Bibiana.

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, Alhamisi, jua limewaka mpaka mabati yanalia. Ndani kulikuwa na meza moja ya saruji na shuka moja jeupe. Upepo wa Singida, ule usiojua kupumzika, ulikuwa unapita chini ya mlango, unainua ncha ya shuka, unaishusha, unaiinua tena, kama vile kuna mtu chini yake anavuta pumzi.

"Ni upepo tu, afande," alisema Sajini Idrissa, ingawa hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na miguu yake ilikuwa imekataa kuvuka kizingiti.

"Njoo unimulikie."

"Mwanga unafika hata kutoka hapa."

Dorika akafunua shuka. Mshono mrefu katikati ya tumbo haukumshughulisha. Ule ulikuwa wa daktari wa serikali aliyekuja jana jioni kutoka mjini kuipasua maiti. Ripoti yake ilikuwa fupi: tumbo limejaa damu, bandama ni kubwa na limetobolewa. Kilichokuwa kinamsumbua Dorika kilikuwa ni hesabu. Felista, mama wa watoto wawili, miaka thelathini na nne, alifanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo siku ya Jumanne, ule wa kisasa wa matundu madogo. Akafa alfajiri ya Jumatano. Daftari la upasuaji lilisema matundu manne. Waoshaji walisema matano.

Akahesabu kwa kidole. Moja kitovuni. Moja chini ya kidari. Mawili kulia. Yote manne yalikuwa yameshonwa kwa uzi mweusi, vizuri, kazi ya mtu aliyesoma. Halafu akahamia kushoto, chini ya mbavu, na hapo akaliona la tano: dogo, limenyooka kama punje ya mchele, halina uzi.

Lilikuwa katikati ya chale. Chale za zamani, mistari mitatu iliyofuatana kama matuta ya viazi. Dorika alizitambua mara moja maana na yeye alikuwa nazo, mahali hapo hapo. Mtoto akivimba bandama, bibi au shangazi alichukua wembe, akamchanja upande wa kushoto, akampaka dawa. Nusu ya watu wazima wa Ikungi wana alama hizo chini ya mashati yao.

Akabonyeza ngozi pembeni ya tundu. Ngozi ikalia. Kweli ililia: chini ya vidole vyake kulitoka mchakarisho mdogo, mkavu, kama mtu anayekanyaga maganda ya alizeti. Akabonyeza tena, mbali kidogo. Ikanong'ona tena.

Tochi ikaanguka kizingitini. "Audhubillahi," alisema Idrissa.

Nywele za Dorika pia zilisimama, hakuna haja ya kumpamba. Lakini hakutoa mkono. Akaendelea kubonyeza, akielekea kulia, mpaka akafika mahali ambapo mchakarisho ulikoma. Akarudi kushoto, sauti ikarudi. Upande mmoja tu wa mwili ndio uliokuwa unasema.

"Okota tochi, Sajini," alisema. "Tuna mpaka saa kumi."

* * *

Saa kumi ndiyo ilikuwa saa ya mazishi, na ndiyo ilikuwa saa ya Eliana.

Eliana alikuwa shangazi wa marehemu, dada wa baba yake, mama mzee wa miaka sabini na kitu aliyemlea Felista na kaka yake Deo tangu wakiwa wadogo. Sasa alikuwa amefungiwa katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, upande wa pili wa kijiji cha Issuna, akilindwa na mgambo wawili wenye fimbo. Vijana wa Deo walikuwa wamesema hadharani kwamba wakishamaliza kuzika watakwenda kumchukua. Dumu la petroli la lita tano lilikuwa limeshanunuliwa, na halikufichwa.

Kwa wanakijiji, tundu la tano lilikuwa ukucha. Wazee wa Unyaturu bado wanaizungumza kwa sauti ya chini ile miaka ya simba wa kutumwa: simba waliofugwa na watu, wakaagizwa kwa jirani, wakaua na kuacha kucha tano mwilini. Simba wenyewe walishakwisha zamani. Hofu yao ilikuwa imelala tu, na mkono wa mwosha maiti ukaiamsha.

Kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, tundu la tano lilikuwa kazi ya shazia, sindano kubwa ya kushonea magunia, iliyokutwa kwenye kikapu cha Eliana. Yeye ndiye aliyemuuguza Felista usiku kucha, akiwa peke yake kando ya kitanda. Na kulikuwa na maneno. Jumanne asubuhi, kabla mgonjwa hajaingizwa chumba cha upasuaji, wodi nzima ilimsikia Eliana akisema, mkono juu ya mbavu za kushoto za Felista: "Upande huu usiguswe."

Na upande huo ndio uliotobolewa.

"Una mtu, una kifaa, una maneno yake mwenyewe," mkuu alikuwa amemwambia Dorika kwenye simu asubuhi ile. "Unasubiri nini? Mfungulie jalada la mauaji, umlete mjini, mambo yaishe."

Yangeisha kweli. Njia ya kwenda mjini ilipita mbele ya vijana wa Deo.

* * *

Daktari Chediel Mkumbo alikuwa mfupi, wa miaka hamsini hivi, mwenye vidole vilivyooshwa mpaka vikapauka. Ndiye mpasuaji pekee wa kudumu hapo Mtakatifu Bibiana, na ndiye aliyetia sahihi daftari. Dorika alimkuta kwenye chumba cha upasuaji, taa kubwa imezimwa, meza imefunikwa shuka la kijani.

"Nieleze jinsi ya kuingia tumboni mwa mtu," alisema Dorika. "Nieleze pole pole, kama mtu ambaye hajui lolote."

"Kwa ajili ya jalada lako?"

"Kwa ajili ya mama mmoja mzee."

Chediel alimtazama, kisha akavuta sinia la vifaa. Ilionekana anapenda kufundisha. Sauti yake ilipata nguvu.

"Tumbo ni kama gunia tupu lililolala. Huwezi kufanya kazi ndani yake mpaka ulijaze hewa, ndipo uingize kamera na mikono ya chuma. Shida yote iko pale mwanzo. Kuingia mara ya kwanza unaingia gizani. Ukishaingia unaona kila kitu."

"Na mnaingiaje?"

"Njia ni tatu. Ya kwanza, hii." Aliinua bomba nene, butu. "Nakata kitovuni kama sentimita mbili, nashika tabaka moja moja, nalifungua kwa macho yangu, naweka uzi pande mbili, ndipo naliteremsha bomba. Tunaita njia ya wazi. Inachelewesha, lakini naona ninakokwenda."

"Ya pili?"

"Bomba lenye ncha ya kioo, kamera iko ndani yake. Unasukuma huku unatazama kwenye skrini tabaka zinavyoachana. Hapa hatuna."

"Ya tatu."

Alifungua kasha jembamba. Ndani kulikuwa na sindano ndefu kama kalamu, ya fedha, inang'aa. "Sindano ya kujazia hewa. Unachana ngozi kidogo kwa kisu, milimita chache, unaiingiza kabla ya kitu kingine chochote. Ina springi ndani. Ncha kali ikishapenya, ncha butu inaruka mbele ili isichome utumbo. Unaisikia."

"Inasikika?"

Akabonyeza ncha ya sindano kwenye ubao, akaiachia. *Tk.* Katika chumba kile kitupu, sauti ilikuwa ndogo na safi, kama mdudu ndani ya mbao. Akafanya tena. *Tk.*

"Mara mbili," alisema. "Tabaka la kwanza, tabaka la pili. Ya pili ikisikika, umefika."

"Ipi ni salama zaidi?"

"Ah, afande, hapo umegusa ugomvi. Wenye sindano wanatuambia sisi wa kisu tunachelewa. Sisi tunawaambia sindano yao ni kipofu. Wamefanya utafiti, wamehesabu maelfu ya wagonjwa, hakuna aliyeshinda kwa uhakika. Mkono uliozoea njia yake ndio salama. Mimi nimezoea ya wazi, na hapa ndiyo kanuni."

"Mwenye sindano asiposikia ile ya pili, akafungulia hewa?"

"Hewa itaingia kwenye nyama, chini ya ngozi. Itatambaa."

"Na ukibonyeza ngozi hiyo?"

"Inachakarika. Kama—"

"Kama maganda ya alizeti," alimalizia Dorika. Akatoa kwenye mfuko wa nailoni shazia la Eliana, akaliweka juu ya shuka la kijani, kando ya sindano ya fedha. Lilikuwa na kutu, na ncha bapa. "Hili halipulizi hewa, Daktari. Wala halichaniwi ngozi kwanza kwa kisu ndipo liingie. Tundu la tano kwenye tumbo la Felista lina mchano ulionyooka kama rula, na ngozi yake yote upande wa kushoto inanong'ona. Lilitobolewa humu ndani."

Upepo ukapiga kioo cha dirisha. Chediel alishika ukingo wa meza.

"Hakuna tundu la tano," alisema. "Niliandika manne."

"Uliandika. Sasa nisaidie tena. Felista alikuwa na makovu mawili ya upasuaji wa uzazi, katikati, mpaka karibu na kitovu. Mwenye sindano angeogopa kuingilia kitovuni?"

"Angeogopa. Utumbo huweza kuwa umenata pale kwenye kovu."

"Angeingilia wapi?"

"Kushoto, chini ya mbavu. Ndivyo wanavyofundishwa. Pale kwa kawaida ni peupe." Alijibu haraka, kama mwanafunzi. "Ila kama mgonjwa ana bandama kubwa. Hapo kamwe."

"Na chale zake hazikukushtua?"

"Chale?"

"Za bandama. Mistari mitatu, upana wa kiganja. Hapa." Dorika akajigusa ubavu.

"Ana chale za bandama?" Daktari alisema. "Felista? Hapana. Hapana, mama. Mimi mtoto wa Iguguno, nilichanjwa na bibi yangu mzaa mama, ningeziona nisingekubali hata..."

Akaishia hapo. Dorika alimwacha asikie mwenyewe alichokisema.

"Daktari, daftari linasema ulisimama juu ya tumbo lile saa nzima na dakika kumi. Chini ya taa hii. Hukuziona?"

Chediel alirudisha sindano kwenye kasha lake.

"Nimepita wodi ya wazazi kabla ya kuja kwako. Jumanne saa nne na robo kuna mama alikuwa anavuja damu, akapasuliwa, mtoto wa kiume, kilo tatu na kidogo. Mpasuaji, Daktari C. Mkumbo. Felista aliingia humu saa nne kamili. Mtu mmoja hawezi kuwa vyumba viwili kwa wakati mmoja, labda naye ana simba wake."

Chediel alikaa kwenye kigoda. Alipoanza kusema hakusimama. Wiki ile walikuwa na kambi ya upasuaji; mgeni alitoka Dar es Salaam, Daktari Gaspari, bingwa, mkono mwepesi, wagonjwa sita kwa siku. Masharti yalikuwa mgeni asishike kisu bila Chediel kuwa chumbani, na tumbo lifunguliwe kwa njia ya wazi tu. Lakini mama wa wodi ya wazazi alikuwa anakufa. Chediel alitoka. Gaspari alisema anaanza. Jioni alimletea daftari limeshajazwa: njia ya wazi, kitovuni, matundu manne. Chediel akatia sahihi kana kwamba alikuwepo.

"Ulimwona lini Felista kabla ya hapo?"

"Niliona picha ya mfuko wake wa nyongo. Picha tu. Foleni ilikuwa watu arobaini." Alijifuta uso. "Alipokufa nilijua ni damu. Nilidhani ni pale kwenye nyongo, uzi umeachia, inatokea. Nikasema nikikiri sikuwepo watafunga chumba hiki. Nina wagonjwa sitini wanaosubiri, afande. Sitini. Sikujua wamemshika bibi. Wallahi sikujua kama kuna tundu jingine."

Dorika alimwamini, na hasira ikampanda kwa sababu alimwamini.

"Kukosea si jinai," alisema. "Kuandika uongo juu ya maiti, hapo ndipo uliponiingiza mimi. Usitoke hapa hospitali."

Nje, Idrissa, aliyetumwa kumtafuta mgeni yule, alikuwa amesimama juani na simu sikioni. Daktari Gaspari alikuwa ameondoka alfajiri na gari la kukodi kuelekea Dodoma. Dorika alimnyang'anya simu, akazungumza mwenyewe na askari wa barabarani wa Kintinku, akawatajia namba ya gari ambayo mlinzi wa geti alikuwa ameiandika. Dakika ishirini baadaye walipiga: gari lilipata pancha kule, abiria amekaa kivulini anakunywa soda. Wamemzuia.

"Basi tumemaliza," alisema Idrissa.

"Bado. Ndani ya chumba kile alikuwepo mtu wa tatu."

* * *

Sista Scholastika alikuwa akikunja shuka za kijani katika chumba cha kuchemshia vifaa. Mvuke ulikuwa umejaa mpaka ukutani maji yanateremka. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka kumi na moja, mzaliwa wa vijiji vya jirani, na tangu Jumatano alikuwa hajala, mtu yeyote angeweza kuona.

"Nilikuwa nakusubiri, afande," alisema.

"Ungekuja mwenyewe."

"Miguu ilikataa."

"Ulimkabidhi wewe ile sindano?"

"Mimi." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja upya. "Alikuja na yake, nikaichemsha. Alipapasa mbavu za kushoto, akasema tutaingilia hapa. Nikaona chale. Zilikuwa wazi kabisa, dawa ya kusafishia ilishazipaka kahawia, zikasimama kama maandishi. Na vidole vyake vilikuwa juu yake. Nikasema moyoni, jamani, chini ya hapa kuna bandama."

"Ukasema kwa mdomo?"

Mvuke ulitoa sauti kwenye bomba. Scholastika alitikisa kichwa.

"Unajua kazi yangu ya asubuhi ni ipi? Nawafundisha akina mama kwenye benchi la kliniki. Nawagombeza. Nani amemchanja mtoto huyu? Mnatuletea ushamba hospitalini! Wananiogopa mpaka wanawafunika watoto. Felista mwenyewe, kwenye fomu, nilimuuliza umewahi kutibiwa kienyeji, akasema hapana, huku kaushika ubavu. Nilijua anadanganya. Sikumfunua. Sasa nisimame mbele ya bingwa, niseme Daktari usichome hapo, kuna chale? Angecheka. Ningekuwa ninaogopa kitu kile kile ninachowagombeza wengine." Akavuta pumzi. "Ikalia mara moja. *Tk.* Nikasubiri ya pili, haikuja. Akafungulia hewa, tumbo halikuinuka, ngozi ndiyo iliyovimba. Akasukuma tena, kwa nguvu. Ikalia. Akasema, haya."

"Kwa nini hakuvuja pale pale?"

"Hewa ilikandamiza. Tumbo likiwa limejaa, hewa ni kizibo. Tulipomaliza tukaitoa. Usiku ndipo damu ikapata njia." Machozi yalikuwa yanateremka na hakuyafuta. "Na bado sijakwambia lililo baya. Shangazi yake aliniambia mimi. Jumanne asubuhi alinishika mkono, akaweka mkono wangu juu ya mbavu za mtoto wake, akasema, sista, mwambie daktari upande huu usiguswe, nilimchanja bandama mwenyewe akiwa na miaka sita, halikunywea lote. Nikamjibu, mama, mambo yenu ya kienyeji yaacheni huko huko. Wodi ikacheka."

Ushahidi mkubwa kuliko wote dhidi ya Eliana ulikuwa ni maagizo ya mgonjwa, na aliyeagizwa ndiye huyu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alinong'ona Scholastika. "Hapa mimi ndiye niliyeficha."

"Vaa kofia yako," alisema Dorika. "Hayo uliyoniambia utayasema getini."

* * *

Idrissa alipinga. Alisema kumleta Eliana mbele ya watu wale ni kumpeleka mbuzi kwa fisi. Dorika alimjibu kwamba jua la saa saba ni rafiki kuliko la saa kumi na mbili, na Sajini akaenda.

Getini kulikuwa na watu kama sabini. Hawakuimba, hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililokuwa baya. Walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, kimya, nyuso zote zimeelekea mlango wa chumba cha maiti. Nyuma yao shamba la alizeti lilikuwa limekomaa. Vichwa vimeinama, vyote vimegeukia mashariki, vimewapa kisogo. Land Cruiser ya polisi ilipoingia na mama mzee akaonekana kiti cha nyuma, watu walisimama kwa pamoja kama walioamriwa.

Deo alikuja mbele. Dumu la njano lilikuwa mkononi.

"Umetuletea mwenyewe, afande. Asante." Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Kikulacho ki nguoni mwako. Alisema mbele ya wodi nzima, upande huu usiguswe. Alijuaje?"

"Inua shati," alisema Dorika.

"Nini?"

"Shati, Deo. Upande wa kushoto."

Hakutaka. Lakini watu sabini walikuwa wanatazama, na mtu asiye na la kuficha huinua shati. Akainua. Chini ya mbavu zake kulikuwa na mistari mitatu, imefuatana kama matuta.

"Nani alikuchanja?"

Upepo ulipita, ukainua vumbi, ukalishusha. Deo aliangalia ubavu wake kama anauona siku hiyo.

"Shangazi," alisema.

"Dada yako alikuwa na hizo hizo, mkono huo huo. Ndivyo alivyojua. Sista, sema."

Scholastika alisema. Alisema kwa Kinyaturu, ili hata wazee wa nyuma wasikie, na hakujipunguzia kitu: sindano, hewa iliyotambaa chini ya ngozi na kuwatisha waoshaji, tundu ambalo halikuandikwa, bingwa aliyezuiwa Kintinku, mkono wa mama mzee uliomshika na jibu alilompa. Alipofika kwenye kicheko cha wodi, alipiga magoti kwenye vumbi na kofia yake nyeupe. Baadhi ya wanawake waliokuwa wodini Jumanne walitazama pembeni. Hata wao walikuwa wamecheka.

Hakuna aliyeomba radhi. Mmoja mmoja walianza kukaa tena chini.

Eliana alishuka kwenye gari kwa shida, akiegemea bega la Idrissa. Alikuwa mdogo kuliko alivyosemwa. Hakumtazama Scholastika, wala umati. Alimtazama Dorika.

"Nimesikia hawakumaliza kumwosha," alisema.

"Waliogopa, mama."

"Mimi siogopi. Nilimwosha siku ya kwanza aliyofika kwangu, nitamwosha na ya leo."

Dorika akamfungulia mlango wa chumba cha maiti. Mama mzee aliingia, akafunua shuka, akaweka kiganja chake juu ya mbavu za kushoto. Ngozi ikanong'ona. Eliana aliinamisha kichwa kama anayesikiliza, na Idrissa, aliyekuwa ameingia bila kujua ameingia, alisimama pale pale akashika tochi.

"Hapa ndipo nilipowaambia," alisema Eliana. Kisha akageuka mlangoni. "Nahitaji maji."

Deo alikuwa amesimama kizingitini. "Shikamoo, shangazi," alisema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu.

Eliana alisubiri maji. Deo akatoka, Dorika akamsikia akimwaga kitu mchangani nyuma ya jengo, kisha bomba likafunguliwa. Alirudi amebeba dumu la njano, limejaa mpaka linamwagika, akaliweka miguuni mwa mama mzee.

Eliana aliinama, akasogeza pua, akalirudisha kwake kwa mguu.

"Hili linanuka petroli, baba," alisema. "Kalete jingine."